Vibao Sitini Ndani ya Kiroba

MARSELINO: Haloo? Haloo... nani mwenzangu?

SEKELA: Shikamoo, Baba Yustina.

MARSELINO: Marahaba. Nani anaongea? Namba hii ngeni kwangu.

SEKELA: Ni Mwalimu Sekela, wa Darasa la Tano. Ile namba yangu ya siku zote mtandao wake una—

MARSELINO: Ile ya siku zote naijua. Ile huwa siipokei.

SEKELA: Niliona. Ndiyo maana nimetumia hii.

MARSELINO: Basi umenipata. Sema, Mwalimu.

SEKELA: Za nyumbani? Mama Yustina hajambo?

MARSELINO: Hajambo.

SEKELA: Na kazi? Vinyago vinatoka?

MARSELINO: Vinatoka. Mpingo haujawahi kukataa kuchongwa. Wanaokataa ni wanunuzi. Mwalimu, leo Jumapili. Mwalimu hampigii mzazi simu Jumapili ili amuulize habari za vinyago.

SEKELA: Ni kweli. Samahani na hizi kelele, hapa kwa jirani wana sherehe ya kipaimara, wamefunga spika mbili ukutani kwangu—

MARSELINO: Nazisikia. Jitenge na spika au sogelea hoja, mojawapo.

SEKELA: [muziki unafifia, mlango unafungwa] Ni kuhusu Yustina. Hajafika shuleni siku nane sasa.

MARSELINO: Tisa.

SEKELA: Rejesta yangu inaonyesha nane.

MARSELINO: Rejesta yako haikuihesabu siku ya wageni. Mie nimeihesabu.

SEKELA: [kimya]

MARSELINO: Haloo? Upo, au mtandao unazingua?

SEKELA: Nipo. Anaumwa?

MARSELINO: Haumwi. Anafagia uwanja mpaka udongo unalalamika. Anafua, anapika, anamfundisha mdogo wake hesabu za kugawanya. Mtoto mzima kabisa. Amegoma tu.

SEKELA: Amegoma?

MARSELINO: Nimembembeleza, nimemtisha, mama yake kamwahidi chipsi mayai. Anasema hawezi kukaa darasani wakati jina lake liko kwenye kiroba. Nikamuuliza, kiroba gani? Akachukua ufagio. Sasa nakuuliza wewe uliyesomea: kiroba gani, Mwalimu?

SEKELA: Ngoja nianzie mwanzo. Unakumbuka kile kikao cha ubia, mwezi wa pili?

MARSELINO: Nitakisahau vipi? Nilikalia dawati la mtoto, magoti yakagusa kidevu. Walikuwepo watu wa lile shirika, walimu, mtendaji wa kata, na sie wazazi tuliopewa soda moto. Mkasema shule ni yetu sote, kila mtu alete alichonacho. Shirika litaleta madarasa mawili na madawati. Mie sina madarasa, nina vipande vya mpingo na mninga vinavyobaki karakana. Nikaleta hivyo.

SEKELA: Ulichonga kazi nzuri mno.

MARSELINO: Vibao mia moja thelathini na viwili, kila kimoja na msumari wake kwenye ubao wa ukutani. Jina la mtoto upande mmoja, upande wa pili mtupu. Mtoto akifika asubuhi anageuza kibao chake, jina linatazama darasa. Kisichogeuzwa, mnauliza: fulani yuko wapi leo? Ninyi ndio mlionieleza. Mtoto akijua kuna mtu anayeona kwamba hayupo, atakuja.

SEKELA: Na walikuja, Baba Yustina. Mahudhurio yalipanda. Asubuhi walikuwa wanakimbizana kwenda kugeuza—

MARSELINO: Najua. Wangu alifikia kulala na sare.

SEKELA: [anakohoa] Basi wale wageni wa shirika walipoleta taarifa kwamba wanakuja kukagua kabla ya kutia saini mkataba wa madarasa, Mwalimu Mkuu alituita ofisini. Akasema watoto mia na thelathini na wawili kwenye madawati ishirini na manne ni aibu. Kwamba mgeni hatandikiwi mkeka uliotoboka. Akaagiza tubakize watoto watatu kila dawati.

MARSELINO: Sabini na wawili.

SEKELA: Sabini na wawili.

MARSELINO: Na waliobaki?

SEKELA: Sitini. Wakae nyumbani siku hiyo moja, mpaka wageni waondoke.

MARSELINO: Na vibao vyao?

SEKELA: Ubao ungeonyesha vibao sitini havijageuzwa. Wageni wangeuliza. Kwa hiyo... viliondolewa.

MARSELINO: Viliondolewa. Vina miguu?

SEKELA: Niliviondoa mimi. Nikavitia kwenye kiroba cha sembe.

MARSELINO: Sasa tunazungumza.

SEKELA: Kipo hapa kwangu. Chini ya meza.

MARSELINO: Mbona kiko kwako? Wageni waliondoka siku ileile. Walilala shuleni?

SEKELA: Hapana. Nilikusudia kuvirudisha kesho yake. Ila watoto waliwahi kuliko mimi. Nimefika nawakuta wamesimama mbele ya ubao wanatafuta, wengine wanapapasa ile misumari mitupu. Niliona haya kukifungua kiroba mbele yao. Nikajisemea, jioni wakishaondoka. Jioni nikasema kesho. Unajua kesho zinavyozaana—

MARSELINO: Zimezaa siku tisa.

SEKELA: Halafu ikaja ripoti.

MARSELINO: Ripoti gani tena?

SEKELA: Ya shirika. Imeletwa Ijumaa. Wameandika kwamba Darasa la Tano lina wanafunzi sabini na wawili, watatu kwa dawati, hali ni ya kuridhisha. Kwa hiyo wanapendekeza yale madarasa mawili yaende shule nyingine yenye shida zaidi. Upande wa Kigamboni.

MARSELINO: Hongereni.

SEKELA: Baba Yustina...

MARSELINO: Hapana, nasema hongereni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyie mmempokea mganga mlangoni, mkakifunika kidonda kwa kanga mpya, mkamwimbia. Akaondoka na dawa zake. Alaumiwe nani?

SEKELA: Sikatai.

MARSELINO: Na wao wasijitoe. Watu wazima, na madaftari yao, wanaingia darasa la shule ya serikali hapa Kimara, wanakuta watoto wamepangwa kama chupa kwenye kreti, kila mmoja na viatu vyake, hakuna anayekohoa, nao hawashtuki? Kila mbia alileta uongo wake mdogo. Huo ndio ubia tulioupata.

SEKELA: [kwa jirani watu wanapiga vigelegele vya kipaimara] Wanarudi kesho.

MARSELINO: Nani?

SEKELA: Wageni. Mwalimu Mkuu amewasihi waje tena, waone kabla hawajatia saini kule.

MARSELINO: Aa. Ndiyo sababu ya simu hii.

SEKELA: Si hiyo peke yake.

MARSELINO: Ila na hiyo.

SEKELA: Na hiyo. Kesho watoto wote waje, wote mia na thelathini na wawili. Na wageni wakiuliza, mbona mara ya kwanza hawa sitini hawakuwepo... [anasita] Haya ni maagizo, nayasema kama nilivyopewa. Waseme wamehamia.

MARSELINO: Wamehamia kutoka wapi?

SEKELA: Kuna orodha. Kila mtoto ameandikiwa mahali alikotoka.

MARSELINO: Wangu katoka wapi?

SEKELA: Baba Yustina, naomba—

MARSELINO: Nauliza. Nijue nilikokuwa nikiishi.

SEKELA: Kawe.

MARSELINO: Kawe. Kuna upepo mzuri wa bahari. Sikujua kama niliwahi kuukimbia.

SEKELA: Najua inavyosikika.

MARSELINO: Hujui. Huyu mtoto ameanza darasa la kwanza hapohapo. Meno yake mawili ya utoto aliyatupa juu ya paa la choo chenu. Leo asimame mbele ya wenzake aseme yeye ni mgeni? Mara ya kwanza mlimtoa mlangoni. Safari hii mnataka ajitoe kwa mdomo wake mwenyewe.

SEKELA: [karatasi ya orodha inakunjwa]

MARSELINO: Umeshawapigia wazazi wangapi?

SEKELA: Wewe ndiye wa kwanza.

MARSELINO: Kwa nini mie?

SEKELA: Sijui. Labda nilifikiri nikiweza kukuambia wewe, hao wengine watakuwa rahisi.

MARSELINO: Umeweza?

SEKELA: Hapana.

MARSELINO: Hicho kiroba kiko karibu?

SEKELA: Kiko miguuni.

MARSELINO: Ingiza mkono. Toa kimoja. Usichague; kuchagua umeshachagua.

SEKELA: [mbao zinagongana] Nimetoa.

MARSELINO: Nani?

SEKELA: Faraji.

MARSELINO: Faraji kwa nini?

SEKELA: Hana viatu.

MARSELINO: Kingine.

SEKELA: Adelina. Sketi yake ina viraka viwili, na rangi za viraka hazifanani.

MARSELINO: Kingine.

SEKELA: Khalfani. Alikuwa na mapunye kichwani. Sasa ameshapona.

MARSELINO: Amepona ukutani hayupo. Kingine.

SEKELA: Twaha. Anasoma kwa kusitasita. Tuliogopa wageni wangempa kitabu. Huyu... huyu Isack. Ni mkubwa, ana miaka kumi na sita, wangeuliza amerudia mara ngapi. Baba Yustina, inatosha.

MARSELINO: Haitoshi, hatujafika. Mie nilikaa wiki tatu na patasi, kila jina nikijiuliza lina herufi ngapi, lienee vipi. Wewe ulivitoa kwa muda gani?

SEKELA: Kama dakika kumi.

MARSELINO: Basi endelea, nafasi tunayo.

SEKELA: [mbao zinagongana, polepole, kisha zinakoma]

MARSELINO: Umemkuta.

SEKELA: Ndiyo.

MARSELINO: Viatu alikuwa navyo?

SEKELA: Alikuwa navyo. Vimepakwa kiwi.

MARSELINO: Sare?

SEKELA: Nzima. Imepigwa pasi.

MARSELINO: Kusoma?

SEKELA: Anasoma kuliko wote.

MARSELINO: Basi nieleze. Maana nimelala siku zote hizi nikihesabu makosa ya nyumba hii. Nilisema labda ni viatu. Labda ni kwa sababu baba yake mchonga vinyago, mama yake anauza vitumbua. Labda ni jina. Nieleze, Mwalimu.

SEKELA: Siku moja kabla ya ugeni tulifanya mazoezi darasani. Mimi nikajifanya mgeni. Nikawauliza swali walilokuwa wameshafundishwa jibu lake: mnakaa wangapi kwenye dawati moja? Darasa zima likaitikia, watatu. Nikawanyanyua mmoja mmoja. Watatu, watatu, watatu. Nikafika kwa Yustina. Yustina akasema—

[Mlio mfupi. Salio limekwisha. Simu imekatika. Inapita dakika moja, kisha simu inaita.]

SEKELA: Haloo? Baba Yustina?

MARSELINO: Nimepiga mie. Usidhani nimekusamehe, hujamaliza sentensi.

SEKELA: Salio liliisha, sikukata kwa—

MARSELINO: Yustina akasema nini?

SEKELA: Akasema watano.

MARSELINO: Watano?

SEKELA: Akasema, watano, na siku za mtihani sita, kwa sababu siku za mtihani hakuna anayekosa. Nikarudia swali. Akarudia jibu. Nikamwambia, Yustina, kesho wakija wageni tunasema watatu. Akaniangalia, akasema, lakini Mwalimu, si ndio wanaoleta madawati?

MARSELINO: Mtoto wa miaka kumi na mmoja.

SEKELA: Watoto wakacheka. Nikamwambia akae. Kisha jioni, wakati natoa vibao, cha kwanza kabisa... nilianza na chake. Kabla ya viatu, kabla ya viraka. Alikuwa amechelewa kutoka, anapiga deki. Aliniona nakitia kwenye kiroba. Sikumwambia kitu. Yeye ndiye aliyesema, kwaheri Mwalimu.

MARSELINO: [kwa mbali, ufagio kwenye mchanga]

SEKELA: Baba Yustina? Upo?

MARSELINO: Mie nilimchapa.

SEKELA: Ulim—?

MARSELINO: Asubuhi ya wageni. Alirudi saa mbili, begi mgongoni. Nikamuuliza, mbona uko hapa? Akasema, Mwalimu kasema wengine tukae nyumbani mpaka wageni waondoke. Nikasema haiwezekani. Mie niliyewachongea ubao mzima, mtoto wangu afukuzwe kwa ajili ya wageni? Nikamwita mwongo. Nikamchapa fimbo mbili, nikamrudisha shule kwa miguu.

SEKELA: Alirudi? Mimi sikumwona.

MARSELINO: Ungemwona vipi, mlinzi alikuwa na maagizo. Alikaa nje ya ukuta mpaka saa nane mchana. Aliwasikia mkiimba ule wimbo wa kukaribisha wageni. Aliuimba humu ndani wiki nzima akijifunza, hata mie naujua.

SEKELA: Mungu wangu.

MARSELINO: Usimwingize. Hakuwepo kwenye kikao cha ubia.

SEKELA: Na ukweli uliujua lini?

MARSELINO: Siku mbili baadaye, kwa mama yake Faraji. Na unajua nilichofanya? Nilikwenda Manzese nikamnunulia viatu vipya. Nikaviweka mlangoni bila kusema neno. Hajavigusa. Ndiyo maana sikupokea simu zako, Mwalimu. Si hasira. Wewe ungenieleza yako, nami ingenibidi nikamweleze yeye yangu.

SEKELA: Kuna kitu kingine.

MARSELINO: Kipo bado?

SEKELA: Kati ya wageni kulikuwa na dada mmoja, alivipenda sana vibao. Akauliza nani kachonga, nikamwambia ni mzazi. Akauliza, mtoto wake ni yupi hapa, nipige naye picha? Nikamwambia leo anaumwa. Akafungua mkoba, akatoa kiboksi cha penseli za rangi, akasema mpe mgonjwa, pole zake. Ninacho hapa. Nimeshindwa kukitumia, nimeshindwa kukitupa.

MARSELINO: Kesho mrudishie. Mwambie mgonjwa alikuwa mzima.

SEKELA: Kwa hiyo kesho Yustina...

MARSELINO: Unamtaka kwa ajili yake, au kwa ajili ya wageni?

SEKELA: Nilipoanza kupiga simu hii, kwa ajili ya wageni.

MARSELINO: Na sasa?

SEKELA: Sasa nikisema vingine hutaniamini.

MARSELINO: Sitakuamini. Endelea hivyohivyo.

SEKELA: Hatasema Kawe. Hakuna mtoto atakayesema amehamia. Ile orodha ya mahali walikotoka ninayo mimi, haitafika darasani. Na usiku huu nitakwenda kuvitundika vyote, asubuhi vikutwe—

MARSELINO: Aa-aa. Ukivitundika usiku, wageni watadhani vilikuwepo siku zote. Huo utakuwa uongo wa pili, na huo nitakuwa nimekuchongea mie.

SEKELA: Basi niviache kwenye kiroba?

MARSELINO: Kiroba kiwekwe mezani, wageni wakiona. Watoto waje wachukue majina yao wenyewe.

SEKELA: Mbele ya Mwalimu Mkuu.

MARSELINO: Akikosekana itakuwa si adabu, yeye ndiye mwenyeji.

SEKELA: Ataniandikia barua. Anaweza kupendekeza nihamishwe, unajua.

MARSELINO: Basi atakayehamia utakuwa wewe. Angalau kwenye ile orodha kutakuwa na mmoja wa kweli.

SEKELA: [pumzi] Ni haki yangu.

MARSELINO: Sijasema ni haki yako. Nyumbani kwangu sina ubavu wa kumhukumu mtu wiki hii. Ila nitakuja. Mie na mama yake Faraji, na nitakayempata. Wazazi pia tumo kwenye huo ubia, au tulikuwa wa kuletewa soda tu? Na sie tutasema tulivyojua tukanyamaza.

SEKELA: Na Yustina atakubali?

MARSELINO: Hilo si langu wala lako. Muulize mwenyewe.

SEKELA: Sasa hivi?

MARSELINO: Ngoja kwanza. Kuna jambo natakiwa nimwambie mie, kabla yako. Usikate. Mie ndiye ninayelipia, na dakika hazijabaki nyingi.

[Hatua zinakwenda mbali. Ufagio unasimama. Sauti ya mwanamume, chini, maneno hayasikiki. Kimya. Sauti tena, fupi. Ufagio unaegeshwa ukutani. Hatua mbili zinarudi, nzito na nyepesi.]

YUSTINA: Shikamoo, Mwalimu.

SEKELA: Marahaba, Yustina. Hujambo?

YUSTINA: Sijambo, Mwalimu.

SEKELA: Yustina, nilitoa jina lako ukutani kwa sababu ulisema kweli. Hukuwa na kosa. Kosa ni langu.

YUSTINA: Ndiyo, Mwalimu.

SEKELA: Usinijibu kama tuko darasani.

YUSTINA: Ndiyo, Mwal... Haya.

SEKELA: [kwikwi kwenye simu] Unalia?

YUSTINA: Silii. Anayelia ni Baba, ila kasema nisiseme. Mwalimu, changu kilivunjika? Siku ile ulipokitupa nilisikia kitu kinapasuka.

SEKELA: Hakikuvunjika. Ninacho mkononi. Kimekwaruzika pembeni kidogo.

YUSTINA: Baba atakipiga msasa.

SEKELA: Kesho utakuja?

YUSTINA: Wageni wakiniuliza tunakaa wangapi, nijibu lile la mazoezi?

SEKELA: Mnakaa wangapi?

YUSTINA: Watano. Siku za mtihani sita.

SEKELA: Jibu hilohilo.

YUSTINA: Na wewe wakikuuliza sie tulikuwa wapi?

SEKELA: Nitasema niliwafungia nje.

YUSTINA: Mbele ya Mwalimu Mkuu?

SEKELA: Mbele yake.

YUSTINA: [kwa mbali: Anasema mbele ya Mwalimu Mkuu, Baba] Faraji naye aje? Anasema haji, hana viatu.

SEKELA: Aje bila viatu. Waje wote, Yustina. Mpitie kesho asubuhi.

YUSTINA: Viatu vyangu vya zamani vitamtosha. Mie ninavyo vipya, sijavivaa. Mwalimu?

SEKELA: Naam.

YUSTINA: Na wageni wakishaondoka?

SEKELA: Wakishaondoka... Kibao chako kitabaki palepale.

YUSTINA: Hata wakija wengine?

SEKELA: Hata wakija wengine.

MARSELINO: [kwa mbali] Dakika zinaisha, muage Mwalimu!

YUSTINA: Haya Mwalimu, Baba anasema—

SEKELA: Yustina, ngoja. Njoo mapema, kabla ya kengele. Wageni wakishaketi, tutakitundika pamoja mbele yao, kwenye msumari wake.

YUSTINA: Unaukumbuka msumari wangu?

SEKELA: Nadhani ni mstari wa tatu, karibu na dirisha.

YUSTINA: Siyo huo, Mwalimu. Nitakuonyesha mie—

[Mlio mfupi. Simu imekatika.]